Biskuti Isiyozama

Chubwi.

Bi Mwajabu alifumbua macho gizani. Sauti ilitoka jikoni, ndogo, ya mara moja tu, kisha kimya. Mtu mwingine angedhani ni tone limeanguka ndani ya ndoo, akageukia ukutani na kuendelea kulala. Lakini yeye alikuwa mke wa mwokaji wa biskuti kwa miaka thelathini na mmoja. Sauti ya biskuti inayomeguka na kuzama kwenye chai aliijua kama alivyokijua kikohozi cha mumewe.

Sauti yenyewe haikumshangaza. Kilichomshangaza ni kwamba katika nyumba ile, kwa miaka saba, hakuna biskuti iliyokuwa imezama.

Mumewe, Mzee Shebughe, ndiye aliyeoka biskuti ngumu kuliko zote katika milima ya Usambara. Zilikuwa za mviringo, za rangi ya kigae, zenye meno pembeni. Uliweza kuchovya moja kwenye chai, ukahesabu mpaka thelathini, ukaitoa nzima kama ulivyoiingiza. Malori yalizishusha kwa ile barabara ya kona nyingi mpaka bondeni, na hata moja haikuvunjika. Juu ya kila pakiti palikuwa na neno moja tu: Haizami. Jirani yao mmoja mwenye utani alidai kwamba siku ya upepo mkali aliwahi kuzuilia mlango kwa biskuti ya Mzee Shebughe, na kesho yake akaifuta vumbi akainywea chai.

Bi Mwajabu alitoka kitandani taratibu, akachungulia.

Mumewe alikuwa ameketi peke yake, taa ya jikoni inawaka, kikombe kiko mbele yake. Kopo la vijiko lilikuwa pale pale mezani, karibu na mkono wake. Hakuligusa. Alitumbukiza vidole viwili kwenye chai ya moto, akaiopoa ile biskuti iliyolowa, akaitia mdomoni, kisha akavipuliza vidole vyake. Akafumba macho, kama mtu anayesikiliza wimbo kutoka nyumba ya mbali.

Hapo mkewe akaelewa ni kwa nini ncha za vidole vile zilikuwa nyekundu siku zote. Kila alipomuuliza, jibu lilikuwa moja: tanuri.

Alirudi kitandani akajifunika, akajifanya amelala. Asubuhi, mumewe alipokwenda kuwasha moto wa kuokea, alipekua jikoni kila pembe. Nyuma ya magunia matupu ya unga akakuta kopo la bati. Ndani yake mlikuwa na biskuti nyeupe, laini, zenye harufu ya maziwa na iliki, na katikati ya kila biskuti palikuwa na shimo dogo, alama ya kidole gumba.

Alikiweka kidole chake juu ya alama moja. Hakikuenea. Bi Mwajabu alikaa chini juu ya magunia, kopo mapajani. Alijua ni kidole cha nani.

Zamani, kabla ya malori, Mzee Shebughe alikuwa akioka biskuti za namna ile. Hazikuwa na meno wala neno lolote juu ya pakiti. Alizikata kwa mdomo wa glasi, na katikati alibonyeza kidole ili joto lipenye sawasawa. Yeye na mkewe walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, na binti huyo alipofikia kimo cha kuiona meza, kazi ya kubonyeza ikawa yake. Baba anakata, mtoto anabonyeza. Baba anakata, mtoto anabonyeza. Trei nzima ilikwenda tanurini imejaa vidole vya mtoto mmoja.

Biskuti zile zilikuwa na hesabu yake kwenye chai. Moja, mbili, tatu, unatoa: imelowa, imelainika, inayeyuka kwenye ulimi. Ukifika nne, chubwi.

Na yule mtoto kila siku alifika nne. Kila siku aliruka kutoka kitini kukimbilia kijiko, na kila siku alimwaga chai ya mtu. Mama akafoka, baba akacheka, mwishowe mtoto mwenyewe, akiwa na miaka sita, akaitungia nyumba sheria. Aliyezamisha biskuti hanyanyuki. Hajichukulii kijiko, hata kama kiko mbele yake. Lazima amwite mtu kwa jina, jina lake lote, bila mkato, na kukiomba.

Sheria ile ilimpendeza baba kuliko mtunzi wake. Siku ambayo ya kwake ilizama, alikaa wima kama shahidi mbele ya hakimu, akamwita mkewe kwa jina ambalo wanaume wa kule huwaita wake zao: Mama, kisha jina la mtoto wao wa kwanza. Alilitamka polepole, kila silabi kwa zamu yake, na mtoto aliangua kicheko, kwa sababu jina lililoitwa lilikuwa la mama na lake pia.

Mji mzima nao ulimwita yeye Baba, kisha jina lile lile. Jina hilo liliandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa duka lao la biskuti. Nyumba nzima ilisimama juu ya jina moja.

Kisha biashara ikakua. Wenye maduka wa bondeni walitaka biskuti zinazostahimili safari, maana zile laini zilifika zimekuwa unga. Mzee Shebughe akapunguza siagi, akaongeza moto, akaziacha tanurini mpaka zikakauka kabisa. Akanunua chuma cha kukatia chenye meno pembeni. Kidole gumba hakikuhitajika tena. Binti, sasa msichana mkubwa, alisimama pale pale mezani, na mikono yake haikujua iende wapi.

Mwaka uliofuata palikuwa na maonyesho ya wilaya. Mzee Shebughe alipanda jukwaani na birika lake, akamwomba mgeni rasmi achovye biskuti moja. Yeye akahesabu kwenye kipaza sauti, na umati ukahesabu naye, moja mpaka thelathini. Biskuti ilitoka nzima. Makofi yalipigwa mpaka mbuzi wa maonyesho wakashtuka. Mgeni rasmi, kwa utani tu, akamgeukia binti aliyekuwa ameshika sinia, akamuuliza yeye anaionaje biskuti ya baba yake.

Binti hakujua kudanganya. Baba yake ndiye aliyemlea hivyo.

"Haizami," alisema, na kipaza sauti kikalichukua kila neno. "Lakini hata chai haiingii."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kwa sababu kila mmoja wao alikuwa akilijua jambo lile na hakuna aliyewahi kulisema. Lakini mtu anayechekwa hana mizani ya kupimia vicheko. Mzee Shebughe alikunja meza yake, akashuka, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema neno.

Alisema walipofika mlangoni. Alisema kwamba tangu siku hiyo jina la mtu yule lisitajwe ndani ya nyumba yake. Kisha akachukua ngazi na rangi nyeupe, akapanda, akalifuta jina lililokuwa juu ya mlango wa duka.

Binti alisubiri siku tatu. Ya nne, akashuka bondeni kwa shangazi yake, na huko akaendelea kuoka na kuuza zile laini za kidole gumba.

Mzee Shebughe alidhani amefuta jina moja. Asubuhi iliyofuata alitaka chumvi, akafungua kinywa kumwita mkewe, na kinywa kikabaki wazi. Mkewe sasa alikuwa Mama nani? Kumwita Mwajabu, jina la usichana wake, mbele za watu, aliona ni kumshushia heshima. Kumwita wewe aliona ni kumtukana. Basi akagonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Tangu siku hiyo, hilo ndilo likawa jina la mkewe.

Naye mwenyewe hakubaki na kitu. Majirani, kwa kumstahi, waliacha kumwita kama walivyozoea. Watoto wa shule wakambandika Baba Haizami. Fundi seremala wa mtaani, aliyekuwa amemwita kwa jina la binti kwa miaka ishirini, alifika dukani akaanza, "Hodi, Baba," akakohoa, akatazama juu kwenye ile rangi nyeupe, akaondoka bila kununua chochote.

Watu walisema mzee yule anazipenda biskuti zake kwa kuwa ni imara. Bi Mwajabu peke yake ndiye aliyejua sababu yenyewe. Mwenye biskuti isiyozama hahitaji kumwita mtu.

Wiki ile ile ya sauti ya usiku, binti alipiga simu. Alikuwa na desturi ya kumpigia mama yake kila Jumatano mchana, saa ambayo baba yuko tanurini na hasikii. Siku hiyo alikuwa na habari. Kijana mmoja, Idrisa, aliyekuwa akimletea unga bondeni, alitaka kumwoa. Wazee wa kijana wanaoishi bondeni walikuwa tayari kupanda mlima Jumamosi kuleta posa. Mwezi uliofuata, Mungu akipenda, ndoa ingefungwa, na maarusi wangehamia Sumbawanga, kwa kina Idrisa wanaolima ngano.

Bi Mwajabu alifurahi, kisha akaogopa. Posa huja kuulizia jina. Ndoa hufungwa kwa jina. Baba ndiye anayesema mbele ya mashahidi, nimekuoza binti yangu fulani, na hilo fulani halisemwi kwa kugonga meza.

Binti alikuwa ameshalifikiria hilo. Baba mdogo alikuwa radhi kusimama badala ya baba, ikibidi. Wageni wakikosa jina kule juu, wangeteremka moja kwa moja mpaka kwake.

"Lakini, Mama," alisema, "nikiozwa kwa kinywa cha baba mdogo, nitakuwa nimeondoka kweli. Sitajua tena njia ya kurudi nyumbani."

Mama yake akamuuliza ni nani huku juu anayenunua biskuti zake za gumba.

Binti alicheka kidogo. Akamwambia kwamba ni Mndolwa, dereva wa lori la baba. Kila mwezi anachukua kopo moja, anasema ni za mama yake aliyeng'oka meno yote.

"Mama yake Mndolwa alifariki kabla wewe hujazaliwa," alisema Bi Mwajabu.

Binti aliacha kucheka.

"Mama. Meno ya Baba ni mazima?"

"Yote. Hata gego moja halijatikisika."

Jioni ile alimwambia mumewe kwamba Jumamosi kuna wageni. Mumewe aliuliza wageni gani. Akamjibu, wa posa. Mzee Shebughe hakuuliza posa ya nani. Aliendelea kuchekecha unga, akauchekecha tena ule ule uliokwisha kuchekechwa, mpaka nyusi zake zikawa nyeupe. Mwishowe akasema wapikiwe chai yenye tangawizi nyingi, kwa kuwa watu wa bondeni wakifika juu husikia baridi. Tena wawekewe zile biskuti bora, za trei ya kwanza, zinazofika thelathini.

Jumamosi ukungu ulishuka mpaka kwenye vizingiti. Bi Mwajabu alisimama jikoni mbele ya sinia tupu. Kulia kwake palikuwa na pakiti mpya ya Haizami. Kushoto palikuwa na kopo la bati.

Alijua hatari ya mkono wa kushoto. Mume wake alikuwa ameificha siri ile hata kwake yeye. Kuitoa mbele ya wageni kungeweza kumfedhehesha mara ya pili, na mara ya kwanza ilikuwa imechukua miaka saba na haijaisha. Alifikiria pia Sumbawanga, na umbali wake, na mtoto wake akiondoka kupitia mlango wa nyumba nyingine.

Akafungua kopo.

Wageni walikuwa wawili. Mshenga alikuwa Mzee Semkiwa, mtu wa maneno mazuri na kanzu iliyopigwa pasi, na pamoja naye alikuwa mjomba wa kijana, mtu mnene, mcheshi, aliyekuwa bado anahema kwa mlima. Walikaribishwa sebuleni. Waliulizana hali za njia, za mvua, za mahindi. Kisha Mzee Semkiwa akasafisha koo, na kila mtu akajua kwamba sasa ndipo.

Alisema kwamba wametembea mwendo mrefu. Alisema kwamba katika kutembea kwao wameona ua zuri, lenye harufu nzuri, wakauliza ni la bustani ya nani, wakaelekezwa hapa. Sasa wangependa, kwa idhini ya mwenye bustani, kulihamishia kwao na kulitunza.

Mzee Shebughe aliitikia inavyotakiwa. Alisema bustani ni yao pia.

"Basi tutajie jina la ua," alisema mshenga, "tusije tukachuma lisilo letu."

Hivyo ndivyo inavyokuwa kule. Mgeni hatangulii kulitaja jina la binti. Hulisubiri kutoka kwa baba, na likishatoka, hapo ndipo mazungumzo mengine yanapofunguka.

Mzee Shebughe alifungua kinywa. Mshipa wa shingo ulitokeza. Hakuna kilichotoka. Alijaribu tena, akafunga, kisha kifundo cha kidole kikainuka chenyewe kikagonga meza. Ko, ko.

Mjomba wa kijana aliinama akachungulia chini ya meza, akidhani kuna kuku.

Bi Mwajabu aliingia na sinia. Aliwawekea wageni vikombe, akamimina chai, akaweka sahani ya biskuti katikati. Mumewe aliangalia sahani. Aliona nyeupe, aliona laini, aliona vidole gumba kumi na viwili vikimtazama. Polepole aliinua macho kwa mkewe. Mkewe alikuwa akilitazama birika, kama vile limesema kitu.

Mzee Semkiwa alishukuru kupata cha kufanya. Alichukua biskuti, akachovya, akahesabu kimoyomoyo kwa kutikisa kichwa, akaitoa kwa wakati wake na kuila. Uso wake ukafunguka. Akasema hizi ndizo zile za kule kwao, hazina mfano kwenye chai, kumbe hata huku juu zinafahamika.

"Nami nilikuja nimejiandaa kwa zile za kuvunjia karanga," alisema mjomba, akacheka mpaka tumbo likatikisa kikombe. Hakuna aliyekuwa amemwambia ni nani anayezioka.

Mzee Semkiwa, aliyekuwa ameambiwa, alimkanyaga mguu. Kicheko kikakatika.

Bi Mwajabu alirudi nyuma mpaka mlango wa jikoni ukamgusa mgongoni. Aliuona uso wa mumewe umekuwa vile ulivyokuwa jukwaani siku ile. Nimeharibu, alijiambia. Nimemleta mwanangu mpaka mlangoni, kisha nimemfungia.

Dakika zilipita. Mshenga alisubiri kwa adabu, kisha akaweka kikombe chini kwa adabu. Alisema, kwa sauti ya upole, kwamba yapo majina yanayokuwa mazito siku nyingine. Si neno. Wao hawakuja kumtesa mzee mwenzao. Waliambiwa kuna baba mdogo kule bondeni, na lori la saa tisa halijaondoka. Akashika magoti yake, tayari kuinuka. Mjomba akaanza kutafuta kofia.

Mzee Shebughe alinyoosha mkono akachukua biskuti.

Aliigeuza. Aliweka kidole gumba chake juu ya ile alama, akakiacha hapo kidogo, kisha akaichovya kwenye chai.

"Moja," alisema.

Wageni walitazamana. Habari za thelathini walikuwa wamezisikia. Mjomba alionekana kujuta kwamba alicheka; alidhani sasa wanaonyeshwa kazi ya biskuti ngumu kwa kutumia biskuti laini, na kwamba mzee wa watu amechanganyikiwa.

"Mbili."

Bi Mwajabu aliutazama ule mkono. Ulikuwa mkono uliooka kwa miaka thelathini na zaidi. Ulijua unga ukiwa haujaiva kwa kuugusa, ulijua tanuri likiwa limepoa kwa kupita karibu yake. Hakuna mkono uliojua vizuri zaidi pumzi ambayo biskuti ile ilikuwa nayo ndani ya chai ya moto.

"Tatu."

Sasa itoe, alisema moyoni. Itoe sasa.

Mkono haukutikisika. Mzee Shebughe aliinua macho kutoka kwenye kikombe, akamtazama mkewe, na kwenye kona ya mdomo wake palikuwa na kitu ambacho mkewe hakuwa amekiona kwa miaka saba.

"Nne," alisema.

Chubwi.

Chai ilirukia kanzu ya Mzee Semkiwa. Hakuna aliyesogea. Mkononi mwa Mzee Shebughe kilibaki kipande kidogo, chenye upana wa kucha, na sehemu nyingine yote ilikuwa ndani ya kikombe, chini kabisa.

Mshenga, kwa wema wake, akafuta kijiko chake kwa leso na kumpa. Mzee Shebughe alitikisa kichwa.

"Nashukuru, mzee mwenzangu. Lakini nyumba hii ina sheria yake."

Akasogeza kiti. Akanyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya magoti, akakaa wima kama shahidi mbele ya hakimu. Mjomba wa kijana aliivua kofia aliyokuwa ameanza kuivaa, bila kujua kwa nini. Jikoni, maji yaliyobaki kwenye sufuria yalikuwa yakichemka, na Bi Mwajabu hakwenda kuyatoa. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja mtupu umeshanyooka nusu kuelekea kwenye kopo la vijiko.

Midomo ya mumewe ilijaribu mara ya kwanza bila sauti. Akajaribu tena, na safari hii sauti ilikuja, nyembamba, yenye kutu, kama mlango wa chumba kisichofunguliwa siku nyingi.

"Naomba kijiko," alisema, "Mama Sauda."

Funzo: Moyo uliokaushwa ili usivunjike hauvunjiki, lakini hata utamu hauingii ndani yake. Kubali kulowa mbele ya wale unaowapenda, na akikwambia ukweli anayekupenda, usimfutie jina, kwa maana ukilifuta lake utalikosa na la kwako. Ukimaliza kusoma, mtumie hadithi hii yule ambaye siku hizi unamgongea meza tu.